Nati ya Kumi na Saba

"Baiskeli ya kunificha mimi kitu haijatengenezwa bado," alisema Sikio, na alisema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, maana maneno kama hayo ukiyanong'ona yanapoteza utamu. "Ipite pale kwenye kona, mimi nimefumba macho, nitakwambia ni gololi, ni cheni, au ni mwenye baiskeli ndiye anayetakiwa kupungua. Tena tangu nishike spana, mikono hii haijawahi kudondosha hata nati moja. Moja! Ulizeni."

Hakuna aliyeuliza. Fundi cherehani, ambaye mashine yake ilikuwa kwenye baraza hiyohiyo, hatua nne kutoka pale, hakuinua hata macho kutoka kwenye suruali aliyokuwa akiipunguza kiuno.

"Mdomo wako ungekuwa mdogo kidogo," alisema, "ningeushonea kifungo bure."

Jina la Sikio kijana alijipa mwenyewe. Cheti chake cha sekondari kina jina lingine, refu na la heshima, lakini cheti kilikuwa sandukuni na mwenyewe alikuwa karakanani kwa mjomba wake, huu mwaka wa nne. Karakana ilikuwa chumba kimoja cha mbele: sakafu ya saruji iliyokunywa mafuta mpaka ikageuka nyeusi, ringi zilizotundikwa darini, meza yenye jiriwa ya kubania vyuma, mkebe wa nati, na katikati stendi ya chuma ya kunyooshea magurudumu. Upande wa nyuma kulikuwa na mlango usio na ubao, wenye pazia la maua yaliyofifia. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda, na kitandani amelala Mjomba.

Mjomba alikuwa amesuka magurudumu ya mtaa mzima kwa miaka arobaini. Gurudumu moja lina spoki thelathini na sita, na kila spoki hushikwa ncha yake na nati ndogo ya shaba, ndogo kuliko punje ya harage. Mafundi wengine huziweka nati hizo kiganjani au kwenye kisahani. Mjomba aliziweka mdomoni, kama mshonaji anavyobana pini, akawa anazitoa moja moja kwa ulimi. Ndiyo maana akisuka gurudumu alikuwa hasemi. Mteja akimsalimu, alijibiwa kwa nyusi. Mkaza mjomba, yaani mkewe, alipenda kusema kuwa magurudumu ndiyo yaliyoilinda ndoa yao: "Akishajaza nati mdomoni namwambia yote yaliyo moyoni mwangu, na hajawahi kunijibu vibaya hata siku moja."

Sasa, jino moja la mbele la Mjomba lilikuwa limevishwa chuma. Kila nati iliyopita kinywani mwake ilitoka na mkwaruzo mwembamba juu ya shaba, kama imeguswa na ukucha wa panya. Kuna mwaka mtu mmoja alileta gurudumu akitaka kuliuza, anaapa kuwa limetoka kiwandani moja kwa moja. Mjomba akaligeuza kwenye mwanga, akasema, "Kiwanda hicho kina meno yangu." Yule mtu aliondoka bila gurudumu na bila kuaga.

Na gurudumu likikamilika, Mjomba alifunga uzi mwekundu kwenye spoki iliyo jirani na valvu. Uzi ule ulikuwa na maana moja tu: hili nimelifanya mimi, likikusumbua nirudie mimi.

Wiki sita nyuma, asubuhi, alikuwa akisuka gurudumu la nyuma la Sista, muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani kwa baiskeli. Spoki zote zilikuwa zimeshapangwa, nati ishirini zimekazwa. Alipoinua mkono kuichukua ya ishirini na moja, mkono ule wa kulia ukashuka wenyewe, kama shati lililoteleza kwenye msumari. Nati zilizokuwa mdomoni zikamwagika sakafuni. Mkaza mjomba alikuwa anapita na ndoo, akaitupa ndoo, akamdaka mumewe kabla kichwa hakijafika kwenye saruji. Hospitali walisema ni kiharusi.

Siku ya tatu, Mjomba akiwa bado wodini, Sikio alikaa kwenye stendi akamalizia nati kumi na sita zilizobaki. Hakuziweka mdomoni, alisema hayo ni mambo ya zamani na shaba ni sumu. Aliziokota zilizomwagika, akaona nyingi zimepotea, akachukua nyingine mpya kwenye mkebe, akahesabu kumi na sita barabara kiganjani. Alipofika mwisho, spoki moja ikabaki uchi. Akatafuta chini ya stendi, akatafuta mifukoni, akamwita mkaza mjomba aje na ufagio. Mkaza mjomba alifagia chumba kizima, akafagia tena mara ya pili akiwa amepiga magoti, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Hakuna nati.

"Labda Mjomba aliimeza siku ile," Sikio alisema, akacheka peke yake, akachukua nyingine kwenye mkebe, akamaliza kazi.

Mjomba aliporudishwa nyumbani, nusu ya uso wake ilikuwa imelegea na maneno yalimtoka kama mtu anayevuta gunia zito. Neno la kwanza walilolielewa lilikuwa "Gurudumu?"

"Ulilimaliza, Mjomba," Sikio alijibu papo hapo. "Mimi nilivalisha tairi tu."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Lilimtoka kama mtu anavyompa maji mgonjwa aliyeomba maji, bila kuuliza anayo kiu ya nini. Lakini Mjomba alifumba macho, na ule upande mzima wa uso wake ukatabasamu.

"Basi la mwisho... limekamilika," alisema.

Nani angerudi kumwambia vinginevyo? Mkaza mjomba alisikia uongo ule, akaendelea kukunja shuka. Sikio alitoka, akachukua uzi mwekundu kwenye droo, akaufunga kwenye spoki iliyo jirani na valvu. Akajiambia kuwa kati ya mtu na mpwa wake, nati kumi na sita si kitu.

Kwa wiki mbili mambo yalikuwa shwari. Sista alichukua baiskeli yake, na kila asubuhi, saa mbili kasoro, alikuja nayo kumhudumia Mjomba: kumgeuza, kumpiga sindano, kumnyoosha vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja. Kisha asubuhi moja, kabla hata Sista hajafunga breki mlangoni, sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Kuna... kitu."

"Kitu gani, baba?" mkaza mjomba aliuliza.

"Gurudumu. Linalia."

Sista aliingia na mkoba wake. "Baiskeli yangu? Mbona njiani iko kimya kama maji mtungini? Nikiwa barabara kuu sisikii kitu."

Lakini alipoondoka, na yeye akisukuma pedali zile za mwanzo, wote walisikia. Tiki... tiki... tiki... Kisha baiskeli ikashika mwendo, na sauti ikapotea.

"Lile," Mjomba alisema, "si langu?"

Sikio alikuwa amesimama kwenye pazia. Hapo ndipo palikuwa mahali pazuri pa kusema. Alipaona, akapapita.

"Ni lako, Mjomba. Si lina uzi mwekundu?"

Tangu siku ile Mjomba alianza kuacha chakula. Haikuwa kwa hasira. Kijiko kilikuja, na yeye alikuwa anawaza. Siku ya pili alimwita Sikio karibu, akamshika kiwiko kwa mkono wa kushoto, akasema kwa vipande, akipumzika katikati, na Sikio alisimama pale akivikusanya vipande mpaka vikawa sentensi.

"Mkono wangu... ulikuwa umeshaharibika. Kabla. Sikujua. Mwaka huu nimesuka... mangapi?"

"Mengi, Mjomba. Arobaini, hamsini."

"Watu wanayapanda. Yule mama... anabeba watoto wawili... kwenye karia." Jasho lilimtoka puani. "Yarudishwe. Yote. Yafumuliwe."

"Mjomba, hayo magurudumu hayana tatizo."

"Unajuaje?"

Sikio alikichomoa kiwiko polepole, akatoka.

Sista alimfuata nje. Alikuwa mwanamke mwembamba wa maneno machache, na machache yale alikuwa hayapambi. "Sikiliza, mdogo wangu. Moyo wake umechoka. Siku alizobakiwa nazo sitaki kuzitaja. Lakini huyu mzee asiondoke na hili jambo kifuani. Hiyo sauti itafute, umwambie ni nini."

"Leo leo, Sista. Nimeshaijua hata. Ni friwili, hapa nyuma cheni inapopita."

"Ndiyo?"

"Mimi ndiye Sikio."

"Haya," alisema Sista, na akamwachia baiskeli kwa saa nzima, akaenda kwa mgonjwa wa jirani kwa miguu.

Sikio alifungua friwili, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaipaka grisi, akairudisha. Akalipiga gurudumu kofi, likazunguka kwa kasi mpaka spoki zikapotea machoni. Kimya. Kama kawaida yake, akalisimamisha kwa kiganja likiwa bado mbio, akamkabidhi Sista baiskeli kama anayekabidhi kikombe cha ushindi.

Kesho yake, saa mbili kasoro: tiki... tiki... tiki...

Mkono wa kushoto wa Mjomba uliinuka juu ya blanketi, kidole kimoja kikasimama. "Bado."

"Sikio," fundi cherehani aliita kutoka kwenye mashine yake, "umeoga leo? Isije ikawa ni nta."

Siku ile ya pili Sikio alikaza waya za madigadi. Aling'oa kile kioo chekundu cha nyuma, akakirudisha na kipande cha mpira katikati. Akagundua kuwa nati ya valvu ilikuwa imelegea kidogo, akashangilia, akaikaza. Akalizungusha gurudumu kwa nguvu zote, upepo wake ukampeperushia fundi cherehani vipande vya vitambaa. Kimya.

"Sasa hivi nimeiua," alisema.

Siku ya tatu ilipofika tiki kwa utulivu wake uleule, kama mgeni asiyejua kuwa amefukuzwa, hakuna aliyecheka. Hata fundi cherehani alitazama pazia, akatazama chini. Siku hiyo Mjomba hakuinua kidole. Aligeuza uso ukutani.

Sikio alilitoa gurudumu zima kwenye baiskeli, akaliweka kwenye stendi. Alimwambia Sista kwamba leo haondoki mtu mpaka kieleweke. Sista alitazama saa yake, akavuta kigoda kando ya kitanda, akaanza upya kuvinyoosha vile vidole. Mkaza mjomba alikuwa jikoni anachemsha chai. Nje, mashine ya fundi cherehani ilikuwa imenyamaza, na Sikio alielewa kuwa imenyamaza kwa ajili yake.

Akalipiga kofi gurudumu. Likaruka mbio. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye ekseli na mpini wake sikioni, kama alivyofundishwa. Gololi zilikuwa zinateleza safi. Akagonga spoki moja moja kwa kucha, zote thelathini na sita zikajibu sauti inayofanana. Akalipiga tena kofi. Kimya. Tena. Kimya. Alianza kulichukia gurudumu lile kama mtu anavyomchukia shahidi.

"Mpwa wangu," sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Naam, Mjomba."

"Unalizungusha... mbio."

"Ndiyo, Mjomba."

"Sista... anafika hapa mbio?"

Sikio alifikiri. "Hapana. Anakuja anapunguza."

"Basi zungusha... kama mtu anayefika."

Miaka minne karakanani, na miguu ya stendi ile aliifahamu kuliko miguu yake mwenyewe, lakini hakuwahi kulizungusha gurudumu taratibu. Kuzungusha taratibu hakukumpendeza mtu yeyote anayetazama. Sasa aliweka kidole kimoja kwenye tairi, akalisukuma kama anayembembeleza mtoto alale.

Tiki.

Likazunguka mzunguko mmoja, kwa uvivu. Tiki. Akainamisha kichwa mpaka nywele zikagusa spoki. Tiki. Sauti haikuwa kwenye ekseli, wala kwenye spoki, wala kwenye tairi. Ilikuwa ndani ya ringi yenyewe. Ringi ile ilikuwa ya kuta mbili, yenye uwazi katikati kama mfereji uliofunikwa. Kitu kilikuwa kimo mle, labda mwanzoni kilinata mahali, kikaja kubanduka kwa mitikisiko ya barabara. Gurudumu likienda mbio, kitu hicho kinabanwa kwenye ukuta wa nje na kukaa kimya. Likienda polepole, kinapandishwa, kinafika juu, kinaanguka.

Alivua tairi, akavua tyubu, akabandua utepe wa mpira unaofunika matundu ya kupitishia nati. Akachukua sumaku kutoka kwenye droo, akaipitisha juu ya ringi tundu kwa tundu, duara zima. Sumaku haikushika kitu. Akasimama nayo mkononi. Chuma kingeshikwa. Kisichoshikwa na sumaku kwenye karakana ile kilikuwa kimoja, na kilikuwa kwenye mkebe mezani, kimejaa mpaka juu.

Akairudisha sumaku kwenye droo.

Aliliinua gurudumu kwa mikono miwili, akalitikisa, akaligeuza, akalitikisa. Ndani ya ringi kitu kilikimbia, kikasita, kikakimbia tena. Kisha kikapata tundu, kikatoka, kikapiga sakafu ya saruji: ting! Kikaviringika, kikaenda kujilaza karibu kabisa na mguu wa stendi, mahali palepale ambapo ufagio ulipita mara mbili wiki sita nyuma.

Nati ya shaba.

Sikio aliiokota, akaifuta kwenye shati. Akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza upande huu na upande ule. Aliutafuta mkwaruzo wa jino. Alitamani auone, kisha akatamani asiuone, na ndani ya pumzi moja alitamani hayo yote mawili mara kadhaa. Nati ilikuwa safi, inang'aa kama ilivyotoka kwenye mkebe. Mwili wake haukuwa na alama ya mtu yeyote, na kwa sababu hiyo ilikuwa na alama yake yeye.

Alichuchumaa kizingitini. Fundi cherehani alikuwa akimtazama, na kwa mara ya kwanza hakumtania.

Akisema ukweli, ni lazima auseme wote: kwamba gurudumu hakulimaliza Mjomba, kwamba uzi mwekundu ulifungwa na mkono usio wake, kwamba lile tabasamu la siku ile alilinunua kwa kitu kisichokuwepo. Atamrudishia mzee mkono wake na kumnyang'anya gurudumu lake la mwisho. Na yeye mwenyewe, Sikio, ataitwa nani kesho? Lakini kulikuwa na njia ya katikati. Aliiona hapohapo miguuni pake. Kokoto dogo jeupe. Kokoto linaweza kujibana kwenye tairi. Kokoto si kosa la mtu. Mjomba atabaki na mkono wake na gurudumu lake, na kila mtu atakunywa chai.

Nati akaitia mfukoni. Kokoto akaliokota.

Alipofunua pazia, mkaza mjomba alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma na vikombe vyake, Sista ameshika ule mkono wa kulia mapajani mwake. Mjomba alikuwa ameugeuza uso kutoka ukutani. Alikuwa akimsubiri.

"Nimelipata, Mjomba," Sikio alisema kwa uchangamfu wake wote. "Kokoto! Kokoto tu, lilijipenyeza kwenye tairi. Gurudumu lako halina neno. Nimelikagua lote, hakuna hata spoki iliyolegea."

Mjomba alifungua kiganja cha kushoto. Sikio akaliweka kokoto. Kidole gumba kilianza kulizungusha, polepole, mbele na nyuma. Kikombe kililia juu ya kisahani, mkaza mjomba akakituliza.

"Kokoto la kwenye tairi," Mjomba alisema, "hulia... hata mbio."

"Hili lilikuwa dogo sana, Mjomba, ndiyo maana..."

"Na likianguka kwenye saruji... halilii shaba."

Sikio aligeuka, akatazama mlangoni. Alikuwa amesahau pazia ni kitambaa tu. Miaka arobaini mzee huyu alikuwa akisikiliza shaba ikianguka kwenye sakafu ile. Sikio la nyumba hiyo lilikuwa limelala kitandani muda wote.

Mjomba aliliachia kokoto, likapotea kwenye mikunjo ya blanketi. Jicho la upande uliolegea lilikuwa linatoa machozi siku zote, wenyewe walishazoea kulifuta. Sasa yalianza kutoka kwenye jicho zima.

"Unanificha," alisema. "Unanionea huruma. Ni yangu. Niliidondosha... mimi. Mkono wangu ulikuwa umekwisha, na mimi... nawafungia watu uzi mwekundu."

"Hapana, Mjomba."

"Watoto... kwenye karia..."

"Mjomba, hapana!"

Mkono wa Sikio uliingia mfukoni wenyewe. Aliitoa nati, akainyoosha mbele ya uso wa mzee. Mjomba hakujaribu kuangalia. Alifungua mdomo, kama mtoto anayepewa dawa.

Sista aliinuka. "Asije akaimeza."

"Huyu?" mkaza mjomba alisema, sauti imekwaruza. "Huyu amekaa na nati mdomoni kuliko alivyokaa na ugomvi. Mpe."

Sikio aliiweka nati juu ya ulimi. Mdomo ukafunga. Walikaa wakiangalia shavu lile, upande unaoishi, likipanda na kushuka taratibu. Ulimi ulikuwa mzito lakini kazi ile ilikuwa haijausahau. Uliigeuza nati, ukaipeleka mbele, na katika ukimya wa chumba kile wakasikia shaba ikigusana na jino la chuma, kidogo tu, kama kugonga mlango wa mgonjwa. Ikageuzwa. Ikaguswa tena. Upande wa tatu. Upande wa nne. Nje mashine haikulia.

Mwishowe nati ilitokeza kwenye midomo, mkaza mjomba akaipokea kwa ncha ya leso yake.

"Haijang'atwa," Mjomba alisema.

Alilamba midomo, akaendelea.

"Mpya kabisa. Hii... haikupita kwangu." Kifua chake kilipanda, kikashuka, na hewa iliyotoka ilikuwa nyingi kuliko iliyoingia, kama hewa iliyokaa mle siku nyingi. Nusu ile ya uso ikaanza kucheka, bila sauti, machozi yakiendelea na safari yake. "Mkono wangu haukutetemeka."

"Haukutetemeka, Mjomba."

"Magurudumu... yaacheni. Yasifumuliwe."

"Hayafumuliwi hata moja."

Mzee alipumzika. Sista alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake, anahesabu mapigo, midomo ikicheza. Kisha Mjomba aligeuza kichwa juu ya mto, akamtazama mpwa wake. Macho yale hayakuwa na hasira. Sikio angefurahi kama yangekuwa na hasira kidogo, apate mahali pa kujishikiza.

"Kwa hiyo sikulimaliza," alisema.

"Hukulimaliza, Mjomba." Sauti ya Sikio ilikuwa ndogo, fundi cherehani kule barazani hakuisikia, na alikuwa ametega. "Ulianguka ukiwa kwenye ya ishirini na moja. Nilimalizia mimi. Na uzi nilifunga mimi."

"Zako... ngapi?"

"Kumi na sita, Mjomba."

"Kumi na saba," alisema mkaza mjomba, akiinua ile nati kwenye mwanga wa dirisha. "Usiisahau hii, uliyonifagilisha chumba mara mbili kwa magoti, ukasema mume wangu kaimeza."